Kanda za mzee usitupe mkuu

Unauliza ukishapakua nyimbo mtandaoni uzitupe kanda na CD za mzee au ubaki nazo. Mkuu baki nazo, nakuomba kabisa. Kwa mziki mpya kudownload sawa, mi nilishahama siku nyingi, wimbo wa dakika 4 kwa MP3 ya 320 kbps unakula kama MB 10 tu, memori kadi ya GB 32 inabeba nyimbo elfu 3 na zaidi, unatoka nazo Dodoma mpaka Singida bando hujaligusa.

Ila ngoma zetu za Kigogo, zile za zeze na ilimba (marimba ya kupiga kwa vidole gumba), nyingi bado zimekaa kwenye kanda za watu majumbani, ukisearch huzipati. Mi kuna fundi nilimpa kanda ya nyumbani akanirudishia flashi, kumbe kabana sauti mpaka zeze linalia kama mbu, na kanda keshairekodia juu. Imeniuma mpaka leo.

Fanya mwenyewe. Tafuta redio kaseti yenye tundu la hedifoni, safisha hedi (kile kichwa kinachosoma kanda) kwa pamba na spiriti maana vumbi la huku unalijua, halafu waya mpaka kwenye laptop, ile sehemu ya kuingiza sauti, urekodi kwa programu ya Audacity, ni ya bure. Sevu kwanza WAV au FLAC, hizo hazipunguzi ubora wa sauti, dakika 60 za WAV ni kama MB 600, MP3 ya simu utatoa humo baadae. CD ndo rahisi, unaiweka kwenye laptop na kutoa nyimbo kwa programu ya kurip, maana CD ya mziki ukikopi mafaili tu hivi hivi unaweza usipate sauti. Na kopi ziwe mbili, moja akae nayo ndugu yako.