Kipandio cha nne

Tulikuwa njiani kwenda Karatu. Mgeni wangu, mzee mstaafu, akaniuliza: chukulia maisha ni ngazi ya vipandio 0 hadi 10, juu kabisa ni maisha bora unayoweza kuyapata. Leo umesimama wapi? Nikasema nne. Nikajishangaa, maana tangu nianze kuendesha watalii sijawahi kupata fedha kama msimu ule.

Swali hilo lilibuniwa na mwanasaikolojia wa Marekani, Hadley Cantril, na hadi leo hupimia furaha ya mataifa. Niliporudi Arusha nikawauliza wa kwangu. Kijana wangu, miaka 22, hana kazi, anakula kwangu: saba! Mama, miaka 73, yuko Marangu: "Nane, baba. Ila magoti."

Mimi nina 46. Mwaka 2008 wachumi David Blanchflower na Andrew Oswald walionyesha kuwa ridhiko la maisha hushuka toka ujanani, hugusa chini miaka ya arobaini na kitu, kisha hupanda. Nikashusha pumzi: kumbe ni umri tu, utapita. Kosa langu nikaendelea kusoma. Kupanda huko huonekana zaidi nchi tajiri. Huku kwetu, kusini mwa Sahara, utafiti alioshiriki mchumi Angus Deaton uliona ridhiko liko chini karibu umri wote. Uzee wenyewe hauleti nafuu.

Sasa nane ya mama imetoka wapi? Nilikaa naye siku mbili nikaiona. Kihamba, shamba letu la nyumbani, ni chake, ndizi hanunui, bima ya afya anayo, watoto watano tunamtumia kwa zamu. Hakuna tarehe inayomtisha. Mimi Januari ni ada, na Aprili na Mei mvua ikinyesha gari linalala, kodi ya nyumba hailali.

Basi siku hizi bakshishi za Julai na Agosti sizili zote. Najilipa mshahara uleule kila mwezi, kinachobaki kinasubiri masika. NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, nachangia mwenyewe, wanapokea hata sisi tusio na mwajiri wa kudumu. Wewe wa rika langu anza hapo, hata kwa kidogo. Na kile kijiwe cha kuhesabiana nani kanunua Landikruza nimekipunguza. Sijakiacha, kahawa yao tamu.

Juzi nimejiuliza tena: sita. Nikampigia mama. "Saba," akasema, "magoti yameongeza."