Wasomaji Wanauliza: Kota, Fleti na Paa la Wote

Ndugu mhariri, mimi ni kijana wa Magomeni. Wazee hapa hawaachi kuzitaja kota za zamani. Zilijengwa na nani, na kwa nini mtaa umebadilika hivi? – Msomaji, Magomeni Mapipa

Baada ya Vita Kuu ya Pili, watu walimiminika Dar es Salaam kutafuta kazi bandarini, reli na serikalini. Mji ulikuwa umegawanywa kwa rangi: Wazungu Oysterbay, Wahindi katikati ya mji, Waafrika Kariakoo na Ilala. Kariakoo ilipofurika, serikali ya mkoloni ikaanza kujenga nyumba za kupangisha Waafrika Ilala, Magomeni na Temeke. Ramani ya mji ya mwaka 1949 iliendeleza mgawanyo huohuo. Kota zilikuwa nyumba ndogo zilizopangwa kwa safu, na mpangaji hakuwa na haki nyingine zaidi ya kulipa kodi ya mwezi.

Uhuru ulipopatikana, Shirika la Nyumba la Taifa likaundwa mwaka 1962. Lilivunja nyumba nyingi za udongo na makuti katika mitaa hiyohiyo na kusimamisha za matofali ya saruji. Mwaka 1971 sheria ikatwaa majengo ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000, yakawa chini ya Msajili wa Majumba, na mwaka 1990 yakaunganishwa na Shirika. Ndiyo maana ukitembea Upanga au katikati ya mji unakuta ghorofa ambalo zamani lilikuwa la mtu binafsi likiwa na kibao cha Shirika.

Kota za Magomeni zenyewe zilibomolewa, na kaya 644 zikasubiri kwa miaka hadi maghorofa mapya yalipozinduliwa Machi 2022. Kwetu sisi, la kuangalia zaidi ya urefu wa maghorofa ni kwamba waliokuwa wakiishi pale ndio waliorudi. Ukivunja kota ukawaleta watu wengine, umebadilisha mtaa wote, hata kama majina ya barabara yamebaki yaleyale.

Shikamooni. Fleti yetu ni ya miaka ya sabini. Dari la jikoni linabanduka vipande na nondo zinaonekana zimeoza. Fundi anataka kupiga lipu upya. Tumruhusu? Tena majirani wanataka kupandisha tanki la maji la lita 5,000 juu ya paa. – Mama wa watoto wanne, Ilala

Marahaba, mama. Msimruhusu bado. Lipu juu ya kutu haikai. Kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma chenyewe, angalau mara mbili, kwa hiyo inavimba na kulisukuma zege kutoka ndani. Mkiifunika leo, masika ijayo kipande kitadondoka, na kinaweza kumpata mtoto.

Kwanza tafuteni maji yanakotoka. Mara nyingi ni bafu la jirani wa juu, bomba la majitaka lililopasuka kwenye kiungo, au paa. Likiachwa hilo, kazi nyingine zote ni bure. Mji wetu upo pwani, hewa ina chumvi, na majengo mengine yalijengwa kwa mchanga wa baharini usiooshwa. Chumvi ndiyo inayoamsha kutu hata pale ambapo zege linaonekana zima.

Kisha fundi apige dari lote kwa nyundo ndogo. Pakilia kama mtungi mtupu, achore kwa chaki, maana zege pale limeachana na nondo. Kabla ya kugusa tindo, aweke nguzo za kushikilia dari, na chumba cha juu kisiwe na vitu vizito. Abomoe hadi nyuma ya nondo, nafasi ya kupitisha kidole, milimita 20 hivi, na aendelee kuifuata nondo mpaka afike kwenye chuma safi. Asugue kwa brashi ya waya mpaka chuma king'ae. Nondo iliyoliwa kiasi cha moja ya tano ya unene wake haitoshi tena. Hapo aitwe mhandisi aliyesajiliwa aamue nyongeza.

Nondo zipakwe rangi ya kuzuia kutu mapema, kabla unyevu haujazirudia. Zege la zamani liloweshwe, kisha kiraka cha saruji maalumu ya ukarabati kijazwe kwa tabaka, kila moja isizidi milimita 20 hadi 25. Tabaka nene huning'inia na kudondoka kabla halijashika. Kiloweshwe siku saba. Hapa ndipo kazi nyingi huharibikia: fundi anamaliza Jumamosi, Jumatatu kinapigwa rangi, mwezi wa pili kimepasuka.

Nyongeza moja, kuhusu lile tanki la lita 5,000 ambalo majirani wanataka kulipandisha juu ya paa. Likijaa ni tani tano, yaani kama tani mbili kwa kila mita ya mraba ya kitako chake. Sakafu ya nyumba ya kuishi huhesabiwa kubeba kilo 150 hadi 200 kwa mita hiyo. Likae chini, na pampu ipandishe maji kwenye matanki madogo yaliyowekwa juu ya kuta zinazobeba jengo, kamwe si katikati ya dari.

Mwanangu anasoma London, anasema fleti za halmashauri zinavunjwa na wenyeji wanahama. Mimi nataka kununua fleti hapa Dar. Kuna la kujifunza? – Mstaafu, Kijitonyama

Lipo kubwa. Baada ya vita halmashauri za Uingereza zilijenga nyumba za kupangisha kwa wingi, na tangu 1956 serikali ilitoa ruzuku kubwa zaidi kadiri jengo lilivyokuwa refu. Maghorofa yakaota haraka, mengine kwa paneli za zege zilizotengenezwa kiwandani. Tarehe 16 Mei 1968 gesi ililipuka katika ghorofa ya 18 ya Ronan Point, mashariki mwa London, kona nzima ikaporomoka na watu wanne wakafa.

Sheria ya 1980 ikawapa wapangaji haki ya kununua kwa punguzo lililoanzia asilimia 33. Nyumba zenye bustani ziliisha mapema. Aliyenunua fleti alimiliki ndani tu, huku jengo likibaki la halmashauri, na paa au lifti ilipohitaji matengenezo makubwa aliletewa ankara kubwa ghafla.

Kwetu, Sheria ya Umiliki wa Sehemu za Majengo ya 2008 inampa kila mnunuzi hati ya sehemu yake, na wamiliki wanakuwa na chama. Kabla ya kulipa, uliza: hati ya sehemu ipo au ni ahadi? Chama kinakutana? Akiba ni kiasi gani? Fanya hesabu: kama paa litahitaji milioni 24 baada ya miaka mitano na fleti ni 16, kila mmoja aweke 25,000 kwa mwezi. Jengo ambalo hakuna anayechangia, dai bei ipunguzwe au achana nalo.

Mwekezaji anataka kuvunja nyumba ya baba Kariakoo ajenge ghorofa, tugawane. Tusaini? – Familia, Kariakoo

Si kabla ya wakili wenu kusoma. Ridhaa ya warithi wote iandikwe. Mkataba utaje ghorofa na namba za fleti zenu, hati za sehemu zitoke kwa majina yenu, na kodi ya mahali mtakapohamia wakati wa ujenzi alipe yeye hadi siku ya kukabidhi, pamoja na fidia akichelewa. Dai kipimo cha udongo, kibali cha ujenzi cha halmashauri, na mhandisi na mkandarasi waliosajiliwa. Novemba 2024 ghorofa liliporomoka Kariakoo likaua watu, kwa hiyo msione haya kuomba kuona karatasi hizo. Idadi ya ghorofa kwenye kibali ilingane na ya kwenye mkataba. Akisema ataongeza moja "baadaye kidogo", msisaini.