Mnaoanza kupima dopamini, msiangalie dopamini peke yake

Wadogo zangu mnaoingia maabara ya nyuro mkapewa kazi ya nyuropeptidi (vipande vidogo vya protini ambavyo seli za ubongo hupeana ujumbe navyo), kuna kitu kwenye lekcha kinapitishwa haraka haraka. Unamchoma panya nyurotensini, mojawapo ya hizo nyuropeptidi, kwenye ubongo, unapima dopamini (kemikali ya ujumbe ya ubongo), unakuta iko vile vile na ya panya wa kontroli, basi mtu anaandika "haina athari". Hapana bana! Uliyopima ni stoo. Duka likiuza sana na mwenyewe analeta mzigo kila siku, ukihesabu stoo jioni utaikuta haijapungua, kwa hiyo omba risiti, na risiti hapa ni DOPAC na HVA, yale mabaki baada ya vimeng'enya MAO na COMT kuivunja dopamini. Gawanya DOPAC kwa dopamini, hiyo rasio ndo inakuonyesha mzunguko, yaani dopamini inatumika na kutengenezwa upya kwa kasi gani.

Nyurotensini ni mnyororo wa asidi amino 13 tu, Carraway na Leeman waliipata kwenye haipothalamasi ya ng'ombe wakaitangaza 1973. Sasa seli ya dopamini inajidhibiti yenyewe kwa risepta (vipokezi) zake za D2, dopamini ikizidi nje seli inatulia na inapunguza kutengeneza. Nyurotensini ikishika risepta ya NTS1 inaichangamsha seli na kulegeza udhibiti huo, ndo maana DOPAC na HVA zinapanda. Ila haloperidoli, dawa ya magonjwa ya akili, nayo inazipandisha vile vile, na yenyewe inaziba D2, yaani seli inatoa dopamini kwa wingi halafu seli inayopokea haisikii. Kwa hiyo mabaki yakipanda usikimbilie kusema dopamini inafanya kazi zaidi. Na sehemu ya sindano ina maana kubwa sana, ukichoma VTA (zilipo seli za dopamini) panya anahangaika kizimba kizima, ukichoma nukleasi akambensi (seli hizo zinakopeleka dopamini) inapunguza zile mbio za panya aliyepewa amfetamini, dawa ya kuchangamsha, na ni peptidi ile ile.

Msisahau joto. Nyurotensini ikiingia ubongoni inashusha joto la mwili, na vimeng'enya kwenye baridi vinapunguza kasi, kwa hiyo usipopima joto huyo msimamizi wako au rivyuwa atakuuliza tu umejuaje kama ni peptidi au ni ubaridi. Kuchoma kwenye mshipa haisaidii, peptidasi, vimeng'enya vya kukata peptidi, zinaitafuna damuni na kizuizi cha damu na ubongo hakiipitishi hivi hivi.

Nyurotensini ikiwa kidogo kwenye maji inanata kwenye kuta za tyubu, changanya siku hiyo hiyo, weka albumini kidogo, na kontroli nao wachomwe maji yale yale yenye albumini, sio salaini tupu. Ubongo ukitoka ni barafu na asidi ya perkloriki, fasta. Kuhusu 3-MT, mabaki mengine ya dopamini, inapanda yenyewe ndani ya dakika chache panya akishakufa, kwa hiyo kama maabara yenu haina ile maikrowevu maalum ya kumuua panya na kusimamisha vimeng'enya papo hapo (sio ya kupashia wali jamani) usijenge hoja yoyote juu yake.