Selous imegawanywa: tembo akila mpunga wangu niende kwa nani?

SWALI: Nalima mpunga bonde la Rufiji. Zamani tembo wakiingia shambani tulikimbilia kwa askari wa Pori la Akiba Selous. Siku hizi tunaambiwa huku ni Hifadhi ya Taifa Nyerere, na kila ofisi inanielekeza kwa nyingine. Madai ya fidia niyapeleke TANAPA (Shirika la Hifadhi za Taifa), TAWA (Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori) au halmashauri?

JIBU: Pole sana, ndugu yangu. Peleka halmashauri. Siku ileile toa taarifa kwa mtendaji wa kijiji, naye amwite afisa wanyamapori wa wilaya aje apime eneo lililoliwa kabla nyayo na kinyesi havijapotea. Fomu zikishajazwa zinakwenda Wizara ya Maliasili na Utalii, maana uamuzi wa malipo uko huko. TANAPA na TAWA waite kwa jambo jingine: kuwafukuza tembo usiku huo.

Naelewa ulivyochanganyikiwa. Zamani Idara ya Wanyamapori ndiyo iliyotunga kanuni, ikatoa vibali vya uwindaji na kulinda mapori ya akiba, Selous likiwemo. Kazi ya ulinzi na usimamizi wa mapori hayo ikahamishiwa TAWA, mamlaka iliyoundwa kwa amri ya mwaka 2014 na kuanza kazi 2016. Idara ikabaki wizarani na sera na kanuni. Kisha mwaka 2019 sehemu kubwa ya kaskazini ya Selous, zaidi ya kilomita za mraba 30,000, ikatangazwa Hifadhi ya Taifa Nyerere na kukabidhiwa TANAPA. Kipande kilichobaki ni pori la akiba bado, chini ya TAWA. Uwindaji wa kitalii unaruhusiwa kwa kibali porini. Hifadhini hauruhusiwi kabisa.

Kwa hiyo mlinzi wa ardhi amebadilika, lakini mnyama ni mali ya umma kama zamani, awe hifadhini au katikati ya mpunga wako. Ndiyo maana njia ya madai haikuhama. Kwangu mimi kosa kubwa la mageuzi haya lilikuwa hapo: mipaka ilitangazwa, ila jirani wa mpaka hakuelezwa vya kutosha nani anafanya nini. Mkulima hapaswi kujifunza muundo wa wizara ndipo asaidiwe.

Neno moja kuhusu "fidia". Kanuni za mwaka 2011 hazisemi fidia bali malipo ya kufariji tu: kifuta jasho kwa mazao na mifugo, na kifuta machozi kwa aliyejeruhiwa au kuuawa. Usitarajie bei ya sokoni. Umbali wa shamba kutoka mpaka wa hifadhi nao unahesabiwa, na aliyelima karibu mno na mpaka anaweza kukosa. Hakikisha afisa anaandika umbali huo kwenye fomu kwa kufuata mpaka wa sasa, piga picha shamba likiwa bado bichi, na usiondoke bila nakala yenye mhuri wa kijiji.