Mwanangu, kuhusu simu ya mjukuu wangu

Mwanangu,

Marahaba. Ujumbe wako nimeusoma, nikaurudia. Unauliza kama ninyi mliokulia kwenye intaneti mmekosa kitu ambacho sisi tulikipata, maana mwanao akiwa na swali siku hizi hakufuati wewe, anashika simu. Unaogopa atakua anajua mengi na hajui watu.

Nianze na upande ambao hukuutaja. Mkonga wa intaneti wa baharini ulipofika Dar es Salaam mwaka 2009, wewe ulikuwa bado shule ya msingi. Ulipofika kidato cha 3, shuleni kwenu hakukuwa na mwalimu wa kemia, na zilizokuvusha ni video za kwenye simu ya kaka yako. Nilikuona usiku na daftari lako, unairudisha video nyuma, unaandika, unafuta, unairudisha tena. Siwezi kuilaani intaneti.

Hata sisi tulifundishwa na chombo. Mwaka 1973, wakati wa kampeni ya Mtu ni Afya, nilikuwa mtoto. Redio ilikuwa moja, imewekwa juu ya kiti, watu wazima wameizunguka. Kipindi kikiisha, anayejua kusoma anasoma kijitabu kwa sauti, halafu ubishi unaanza: choo kichimbwe wapi, kichocho tunakipata kwenye maji gani. Watu wapatao milioni 2 nchi nzima walijifunza katika vikundi vya namna hiyo. Sauti ilitoka mbali, lakini baada ya hapo ilibidi mzungumze, mchimbe pamoja. Simu inampa mwanao jibu zima akiwa peke yake, na haimwachii sababu ya kwenda kwa mtu. Mtu uliyemuuliza jambo, mkikutana tena atataka kujua limefikia wapi. Hicho ndicho ninachokihofia kipotee, mwanangu, wala si elimu.

Mdogo wako aliangalia video za kupogoa mizabibu, za wakulima wa Ulaya, zimetengenezwa vizuri kabisa. Lakini kule mzabibu hulala wakati wa baridi. Hapa Dodoma tunavuna mara 2 kwa mwaka, na mkasi wa mkulima ndio unaouamsha. Ikabidi aende kwa mjomba wenu. Mjomba akamshikisha tawi, akakwangua gome kwa ukucha mpaka ukijani ukaonekana, akamwonyesha jicho la kuchipua lililo hai na lililokauka, kisha akampa mkasi akate mwenyewe. Siku nyingine wakazitazama zile video pamoja, mjomba akawa anabishana nazo. Sasa mdogo wako ndiye anayempelekea dawa zake za presha kutoka mjini, na hakuna aliyemtuma.

Kwa hiyo usimnyang'anye mtoto simu. Akikuletea alichokiona humo, muulize: nani tunayemjua anafanya kazi hii? Kisha mpeleke, awe fundi baiskeli, awe muuguzi, awe bibi anayesuka vikapu. Na akija kwako na swali ukiwa umeinamia simu yako, iweke chini, mtazame usoni.

Likizo ya Juni mlete huku kwetu Hombolo, akae walau wiki 2. Aje na simu, na video yoyote ya mizabibu aliyoipenda. Mjomba nimeshamwambia.

Mama yako