Mansholt alipanga bei, hakupanga kiasi

Wiki hii mmeuliza: Jumuiya ya Afrika Mashariki imuige kiongozi gani wa nje ili ipate sera moja ya kilimo? Najua wapo watakaomtaja Sicco Mansholt, mkulima wa Uholanzi aliyekuwa waziri wa kilimo, kisha kamishna wa kilimo wa Ulaya kuanzia 1958 hadi 1972. Mimi nasema asiigwe. Kabla ya kutafuta mtu, tuulizane nani atalipa pengo la bei.

Chukueni alfajiri ya 15 Desemba 1964, Brussels. Nchi sita za Jumuiya ya Kiuchumi ya Ulaya zilikuwa zimevutana zaidi ya mwaka juu ya bei moja ya nafaka. Mansholt alipendekeza mark 425 za Ujerumani kwa tani ya ngano. Mjerumani alizoea karibu 475, Mfaransa alikuwa chini kabisa, na de Gaulle, rais wa Ufaransa, alishatishia kujitoa. Baada ya kukesha, mawaziri walikubali 425, ianze 1 Julai 1967. Ujerumani, Italia na Luxemburg zikaahidiwa fidia ya miaka mitatu, ikipungua kila mwaka.

Hesabu yenyewe ilikuwa hivi. Bei lengwa, yaani bei waliyotaka nafaka ifikie sokoni, iliwekwa Duisburg, Ujerumani, eneo lenye upungufu mkubwa wa nafaka. Ukitoa nauli ya mzigo kutoka bandari ya Rotterdam, unapata bei ya kizingiti, yaani bei ya chini kabisa ambayo nafaka ya nje ingeruhusiwa kuingilia. Ngano ya Amerika ikifika bandarini kwa bei ya chini ya hapo, pengo lote linatozwa, na tozo inakokotolewa upya kila siku. Bei ya dunia ikishuka, tozo inapanda. Ushuru wetu wa asilimia 50 kwa mahindi ya nje hauwezi kufanya hivyo: bei ya dunia ikianguka, na ushuru nao unaanguka, wakati ambapo mkulima anauhitaji zaidi.

Upande wa ndani, bei ikiporomoka, mashirika ya serikali yalinunua nafaka yote iliyoletwa mradi ubora umefikiwa. NFRA, wakala wa Tanzania wa hifadhi ya chakula, hununua mpaka fungu lake liishe. Mashirika ya Ulaya hayakuwa na ukomo, na hapo ndipo mambo yalipoharibika. Bei iliyowekwa juu ili kumtuliza Mjerumani ilimpa Mfaransa mwenye shamba kubwa sababu ya kuongeza mbolea na kulima zaidi. Kwenye maziwa ikawa mbaya zaidi: siagi ilijaa maghala ya baridi, na unga wa maziwa ukauzwa nje kwa ruzuku, hata Afrika. Anayeona ushuru wetu wa asilimia 60 kwa maziwa ya nje ni mkubwa mno akumbuke hilo.

Lakini niwe mkweli kwake. Desemba 1968 ni Mansholt mwenyewe aliyetamka kwamba bei peke yake haitamkomboa mkulima. Alitaka watu milioni 5 waache kilimo, hekta milioni 5 zipumzishwe, na shamba la maziwa liwe na ng'ombe 40 hadi 60. Februari 1971 wakulima waliingiza ng'ombe katika ukumbi wa mawaziri, na katika maandamano ya Machi mtu mmoja alikufa. Mpango ukakatwakatwa. Kikomo cha kiasi cha maziwa kilikuja 1984, wakati hasara imeshalipwa.

Aliona kosa la mfumo alioujenga, akalisema hadharani angali madarakani. Halafu nakumbuka Machi 2021, malori ya mahindi yamekwama Namanga kwa sababu ya sumukuvu, sumu ya ukungu wa nafaka, na Arusha, makao makuu ya Jumuiya yetu, hakuna mwenye mamlaka ya kuwaita mawaziri mezani na pendekezo mkononi. Mansholt alikuwa nayo: mawaziri hawakuweza kubadili pendekezo la Tume ya Ulaya, alikokuwa kamishna, ila kwa kauli moja.

Basi nabadili: mtu wa aina yake ningemchukua, kwa masharti. Tani zitakazonunuliwa zitajwe tangu msimu wa kwanza. Mfuko ujazwe kabla bei haijatangazwa. Na kikomo cha sumukuvu, mikrogramu 10 kwa kilo, ambacho tayari tumekubaliana, kipimwe mara moja, na cheti cha Arusha au Mbale kikubalike Nairobi bila kupimwa upya mpakani.