Fundi wa kumi na mbili

Mmeuliza wiki hii: wasichana wa Marekani ya zamani waliopamba madaftari yao ya hesabu kwa wino wa rangi, walikuwa wanasoma hesabu au urembo? Mimi nina langu: nani alikuwa anayasahihisha?

Nilikuwa darasa la sita. Daftari nimelifunika kwa kaki, kila kichwa cha somo nimekizungushia maua. Siku hiyo ilikuwa uwiano: mafundi 6 wanajenga ukuta kwa siku 10, je, mafundi 12? Nikaandika 20, nikapiga mistari miwili kwa rula, chini yake nikauchora ukuta wenyewe, tofali kwa tofali. Mwalimu akaweka vema, akaandika "Nadhifu!", akalizungusha daftari darasa zima ili wavulana waone aibu. Jioni nikampelekea mama, aliyekuwa akikaanga karanga za kuuza. Mama aliishia darasa la nne. Akasema nimsomee. Akazigeuza karanga kwanza, kisha: "Kwa hiyo mafundi wakiongezeka ndiyo wanakuwa wavivu?" Akamsimulia baba aliporudi, akamsimulia na jirani aliyekuja kununua. Mpaka leo nikichelewa kufika shughulini naitwa fundi wa kumi na mbili.

Hesabu ya aina hiyo ndiyo wale wasichana walikuwa wakiinakili kwa kalamu ya unyoya. Waliiita kanuni ya tatu: namba tatu unazo, ya nne uitafute. Nikakaa niandike kwamba maua yaliwaponza kama yalivyoniponza mimi.

Lakini tuseme kweli, wavulana nao walipamba, tena kwa mikogo ileile. Na wanafunzi wengi hawakuwa na kitabu cha kuchapwa. Ulichonakili ndicho kilikuwa kitabu chako, na ukisahau kanuni baadaye unarudi humo. Kichwa kikubwa chenye madoido unakiona upesi. Halafu wapo wasichana wa Westtown, shule ya bweni ya Waquaker, dhehebu la Kikristo, kule Pennsylvania, Marekani, iliyofunguliwa 1799. Wao walishona tufe la dunia kwa hariri, mistari ya latitudo na longitudo imedariziwa juu yake. Hebu jaribu kuigawa mistari hiyo sawasawa juu ya mpira kwa sindano na uzi, halafu uje uniambie huo ni urembo mtupu.

Basi nasema walikuwa wanasoma hesabu. Si wote, madaftari mengi yaliyobaki ni ya wavulana, na wasichana wengi hawakuvuka hiyo kanuni ya tatu. Na bado sijajibiwa nani alisahihisha, maana jibu baya lenye maua nalo hunakiliwa likatunzwa.

Yao mengine yamehifadhiwa maktaba hadi leo. La kwangu mama alilichana kufungia karanga, akaanza na ukurasa wa ukuta.